Mama Maabara na Utumbo Uliokuwa Hai

Wanafunzi wa vyumba vingine pale chuoni walisalimiwa na walimu wao. Sisi tuliulizwa swali. Ukiingia asubuhi kwa Mama Maabara ukasema shikamoo, hakujibu mpaka ajue jambo moja.

"Kalsiamu umeweka mwisho?"

Ukisema ndiyo bila kusita, unapata marahaba yako. Ukisita, unamwaga ndoo nzima ya maji ya chumvi, unaanza upya, na marahaba inasubiri. Maji yale ndiyo tuliyotundikia kipande cha utumbo wa mbuzi ili tuuone ukifanya kazi nje ya tumbo. Yalikuwa na chumvi za aina kadhaa, sukari kidogo na bikaboneti. Kalsiamu ilitakiwa iingie ya mwisho, tone kwa tone, huku unakoroga. Mwenye haraka aliimimina mapema, ikagandana na bikaboneti, maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na kalsiamu yote ikatua chini kama vumbi la chaki. Utumbo ukiwekwa humo unaning'inia tu kama soksi kwenye kamba.

Naandika haya nikiwa mtu asiye na sababu ya kujificha. Diploma yangu ya maabara iko ukutani katika fremu ya mninga. Nilikwenda Botswana na begi moja, nikafanya kazi kule miaka tisa, nikarudi Mwanza na kujenga maabara yangu Ilemela, juu ya mwamba ambao mafundi watatu walisema haujengeki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka ambacho nisingeweza kukijenga wala kukiagiza: meza ya Mama Maabara. Alikuwa anastaafu. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba akiondoka bila kumthibitisha mtu wa kuendeleza somo lile, vyombo vyake vitaingia stoo na wanafunzi wataangalia utumbo wa kuchorwa kwenye kompyuta. Kama angempata mtu, chuo kilikuwa tayari kumpelekea wanafunzi popote alipo. Mtu huyo nilitaka awe mimi. Nilitaka hivyo kuliko nilivyoitaka nyumba.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani, na mikono ambayo haikulingana na mwili wake. Mikono mirefu, mikavu, isiyotetemeka. Aliweza kufunga uzi kwenye ukuta wa utumbo bila kuubana, fundo dogo kama chembe ya ulezi, huku anamgombeza mtu aliyesimama nyuma yake. Koti lake jeupe lilikuwa na kiraka mfuko wa kulia, na katika mfuko huo kulikuwa na mkasi, uzi mweusi na pipi za tangawizi. Pipi zilikuwa za mwanafunzi ambaye utumbo wake umevuta. Hazikuwa za mtu mwingine yeyote, hata mkuu wa chuo.

Vyombo vyake vingi alivitengeneza mwenyewe. Pampu ilikuwa ile ndogo ya kupulizia hewa samaki wa kufugwa sebuleni. Mkono wa kuandikia ulikuwa unyasi mmoja mkavu, kwa sababu, alisema, hakuna kitu chepesi kuliko unyasi ambacho bado kimenyooka. Karatasi ilizungushwa kwenye silinda na kupakwa masizi ya koroboi, na unyasi ukipanda na kushuka ulikwangua mstari mweupe katika ule weusi. Chuo kiliwahi kumletea mashine ya kisasa ya kuandika mistari. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake ua la plastiki.

Kila Alhamisi alikuja na chupa mbili za chai. Ya kijani ilikuwa na chai. Nyekundu ilikuwa na maji ya chumvi yaliyopoa na utumbo wa mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile Buzuruga. Siku moja mkuu wa chuo aliingia na mgeni kutoka makao makuu, akaiona chupa nyekundu mezani, akachukua kikombe na kuanza kummiminia mgeni. Kitu kikatoka pwaa.

Mama Maabara hakuinua hata kichwa. "Mkuu, hiyo imeshapangiwa kazi," akasema. "Chai ni ile ya kijani."

Mgeni hakunywa ya kijani pia.

Mimi nilianza vibaya kuliko mkuu. Wiki yangu ya kwanza alinituma Buzuruga kwa Baba Zuhura, mchinja mbuzi wake wa siku zote, nilete utumbo. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi si mtoto wa kubembelezwa. Kabla ya kumpelekea nikaupitisha nyumbani, nikaugeuza ndani nje kwa kijiti, nikausugua kwa chumvi na ndimu, nikaukwangua kwa kisu butu, nikausuuza mara tatu kwa maji ya moto. Nilifanya kama mama yangu alivyonifundisha, na mama yangu alikuwa hodari. Nikamkabidhi ukiwa mweupe kama leso.

Akautazama. Akauinua kwenye mwanga. Akaliita darasa zima.

"Njooni muone. Huyu ametuletea chakula."

Walicheka mpaka mmoja akakalia beseni. Yeye hakucheka. Aliufunga vizuri kwenye mfuko, akanirudishia. "Mpelekee mama yako, mwambie kijana wake amelelewa. Yeye amekufundisha kuusafisha vizuri. Sasa mimi nitakufundisha kuusafisha vibaya. Maji ya moto umeyatoa wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Basi umewapika. Humu walikuwa wafanyakazi hai."

Alhamisi iliyofuata nilienda tena, nikauleta ndani ya chupa nyekundu, mchafu kiasi alichotaka. Aliusuuza kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akakata kipande chenye urefu wa kidole gumba, akakifunga uzi huku na huku, uzi wa juu akaufunga kwenye unyasi, akakitundika ndani ya chombo cha kioo chenye joto la mwili. Pampu ikawa inatoa mapovu. Tukasubiri. Kisha unyasi ukapanda, ukashuka, ukapanda. Hakuna aliyeugusa. Mbuzi wake alikuwa amekufa saa mbili zilizopita, ngozi yake inaanikwa Buzuruga, na kipande hiki kilikuwa kinachora vilima kwenye masizi, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wake chenyewe. Dada mmoja wa Ukerewe akafanya ishara ya msalaba.

Halafu Mama Maabara akayatoa yale maji na kuweka mengine. "Chumvi zote zimo. Sukari imo. Joto limo, hewa imo. Nimeacha kitu kimoja tu." Vilima vikawa vichuguu, vichuguu vikawa mstari. Akachukua bomba la sindano, akadondosha kalsiamu, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi unyasi uliruka. Vilima vikarudi. Nimeona tembo wa Botswana wakivuka mto wakiwa kundi zima, na bado naweka unyasi ule juu yao.

Alieleza kwa maneno makavu. Misuli ya ukuta wa utumbo ni laini, haiamriwi na mtu kama misuli ya mkono. Huwezi kuamua kuukunja utumbo wako. Kuna chembe hai ndani ya ukuta ule zinazopiga mapigo ya umeme polepole, mchana na usiku. Pigo likiwa na nguvu ya kutosha, milango midogo kwenye ngozi ya chembe ya msuli hufunguka na kalsiamu ya nje huingia. Nyingine hutoka kwenye vifuko vya akiba vilivyo ndani. Lakini kalsiamu haivuti chochote. Inashikana na protini iitwayo kalmodulini. Hao wawili wanakiamsha kimeng'enya. Kimeng'enya kinabandika fosfeti kwenye mayosini, protini inayovuta. Ni mayosini yenye fosfeti tu inayoweza kushika nyuzi za aktini na kuvuta. Alihesabu hatua zile kwa vidole vyake virefu, na mwanafunzi aliyeruka kidole kimoja alirudi mwanzo.

Mifano aliichukia. Hilo lilikuwa gumu kwangu, kwa sababu mimi kwa mifano ni hodari, hata leo wagonjwa wangu hunisifu. Katika mtihani wa kwanza niliandika kwamba utumbo ni kama mashindano ya ngoma ya Bujora: mapigo ya umeme ni wapiga ngoma, kalsiamu ni wachezaji wanaoingia uwanjani. Niliandika kurasa mbili. Akazipiga mstari mwekundu toka kona hadi kona na kuandika chini: *Utumbo ni utumbo. Kimeng'enya kiko wapi?*

Nikamfuata. "Mama, si umeelewa lakini?"

"Mimi nilielewa kabla hujazaliwa. Wewe je?"

Na huyo huyo hakukosa Bujora hata mwaka mmoja. Nilimkuta huko mara moja, amevaa kitenge cha njano, amesimama mbele kabisa, anampigia vigelegele mchezaji mwenye nyoka shingoni. Aliponiona alinipa mgongo, kama mwanafunzi aliyefumaniwa.

Ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kukaa upande mmoja. Alitufukuza tukichelewa dakika mbili, lakini yeye hakuwahi kumaliza kipindi kwa wakati. Utumbo ukiwa bado unavuta hakukubali kuutoa. Tulikosa chakula cha mchana mara nyingi tukiwa tumesimama kuuzunguka. "Haujachoka," alisema. "Ukichoka nao, tutakwenda wote." Na asubuhi za Jumamosi ungemkuta Buzuruga kwenye kibanda cha supu, ana bakuli la utumbo na ndizi, anatafuna kwa furaha. Nilimuuliza anawezaje.

"Ule wa Alhamisi ni mwenzangu kazini," akasema. "Huu ni kifungua kinywa. Ongeza pilipili hapo."

Nilipomaliza chuo alinisainia daftari langu la vitendo bila neno la sifa. Kule Botswana nilikuwa naonyeshwa mashine zenye thamani ya mtaa mzima, na kila zikinishinda nilijikuta nauliza kwa sauti yake: kimeng'enya kiko wapi? Yaani, ni hatua gani nimeiruka? Mabosi wangu walidhani nina akili nyingi. Ninazo, lakini swali lilikuwa la kwake.

Basi niliposikia anastaafu nikampigia simu. Nikamweleza kuhusu jengo, vigae, umeme wa jua, chumba kikubwa cha nyuma kinachotazama ziwa. Niliongea muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja Alhamisi," akasema. "Tengeneza maji, ila kalsiamu isubiri." Akakata.

Alikuja saa mbili asubuhi, akapanda ngazi zangu za mwamba bila kupumzika, chupa nyekundu mkononi. Nyuma yake, amebeba sanduku la vyombo kichwani, alikuwa Baba Zuhura, yule yule mchinja mbuzi, sasa ndevu zimekuwa nyeupe na kofia yake ya kufuma imekaa upande.

"Shikamoo, Mama."

Akanitazama.

"Kalsiamu sijaweka kabisa," nikasema. "Nimeambiwa nisubiri."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsalimia Baba Zuhura, akaitikia huku anatua sanduku. Nikawatembeza. Nikawaonyesha hadubini, jokofu, fremu ya mninga. Baba Zuhura aliuliza kama mwamba ule nilipasua kwa moto au kwa baruti. Nikasema kwa moto na nyundo, miezi minne, nikisimamia mwenyewe. Mama Maabara alifunga nyuzi zake, akautundika utumbo kwenye maji yasiyo na kalsiamu, akawasha pampu, akavuta kiti.

"Baba Zuhura ameniletea utumbo kila Alhamisi tangu nywele zangu nyeusi," akasema. "Hajawahi kuambiwa ni wa nini. Mweleze. Akielewa, sanduku linabaki hapa. Asipoelewa, anarudi nalo."

Nilicheka. Kumweleza mchinja mbuzi, mimi? Nikasimama kando ya chombo na kuanza. Nilieleza mapigo ya umeme, milango, vifuko vya akiba. Nikataja kalmodulini. Nikataja kimeng'enya kwa jina lake refu, mara mbili, kwa sababu nililitamka vizuri. Nikahesabu vidole vyote, sikuruka hata kimoja. Nilipomaliza nilikuwa na jasho.

Baba Zuhura akakuna kidevu. "Kijana, unaongea vizuri sana. Kama redio."

"Lakini umeelewa?" Mama Maabara akauliza.

"Nimeelewa kwamba amesoma."

Unyasi ulikuwa umetulia, unakwangua mstari mnyoofu tu kwenye masizi. Nikaliangalia sanduku pale chini, kamba ya katani imelizunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani niliogopa. Nikaona darasa linatazama mchoro kwenye kompyuta, hakuna anayefanya ishara ya msalaba. Nikaacha kuongea. Nikamvuta Baba Zuhura kwa mkono, nikamsogeza karibu na kioo, nikampa bomba la sindano lenye kalsiamu.

"Baba, huo utumbo umeuleta wewe. Haufanyi kitu. Dondosha humo taratibu, halafu uniambie umeona nini."

Akadondosha. Tone, tone, tone. Tukasubiri watu watatu tumeinama kama tunaangalia mtoto aliyelala. Unyasi ukatikisika, ukapanda, ukakwangua kilima cha kwanza.

"Alaa," akasema Baba Zuhura polepole. "Unavuta."

"Unavuta."

"Hii dawa ndiyo inavuta?"

"Hapana, Baba. Hiyo haivuti. Inaingia kwenye msuli na kumkamata wa kwanza. Hao wawili wanamwamsha wa pili. Wa pili ndiye anayewapa wavutaji kitu fulani, na bila kitu hicho wavutaji hawawezi kushika."

Akakaza macho kwenye kioo. Vilima vitatu vikapita. Kisha akaanza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ngoja. Mimi kabla ya mbuzi nilivuta mitumbwi Igombe. Mtumbwi unatoka majini, mzito. Kamba zipo, wanaume wapo, wamekaa tu. Anafika mwenye mtumbwi. Yeye havuti, ana kitambi. Anamshika msimamizi bega, wanaenda wawili, wanamwamsha mwenye ndoo ya mchanga. Huyo anapita anatia mchanga kwenye kiganja cha kila mtu. Kamba imelowa, inateleza. Bila mchanga utashika nini? Mwenye mchanga ndiye shughuli yenyewe. Mwenye mtumbwi ni huyu niliyemdondosha. Sivyo?"

Nilikuwa nahesabu vidole vyangu chini ya meza. Kalsiamu, kalmodulini, kimeng'enya, fosfeti, mayosini, aktini. Hakikukosekana kidole.

"Ndivyo," akasema Mama Maabara.

"Mama," nikasema, "huo ni mfano."

"Ni mfano."

"Mimi ulinipiga mstari mwekundu kurasa mbili."

"Wewe mfano wako ulikuwa umefunika usichokijua. Wa kwake unaonyesha alichokijua." Akainama, akaanza kufungua kamba ya katani. Alitoa vyombo kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza yangu ya vigae: silinda, koroboi, pampu, kifurushi cha nyasi kavu zilizofungwa kwa gazeti. "Vyombo ni vyako. Mikono unayo, na siku utakayokwama una akili ya kunyamaza, leo nimeiona. Kueleza ni kwake."

"Kwa nani?" akauliza Baba Zuhura.

"Kwako. Kila Alhamisi si unakuja kuleta utumbo? Utakaa nusu saa zaidi."

"Mimi niwafundishe madaktari?"

"Watakuwa hawajawa bado."

Alipinga mpaka chai niliyowaandalia ikaisha. Alisema hana viatu vya kufunga. Alisema mkewe atamcheka. Mwishowe akauliza kama atapewa koti, na hapo tukajua amekubali.

Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Baba Zuhura alivaa koti lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na kofia yake juu. Mimi nilitundika utumbo, na bila kujisifu, fundo langu lilikuwa dogo. Yeye akawavusha wanafunzi kutoka mwenye mtumbwi hadi kwenye kamba, huku mimi naandika ubaoni majina ya kitabu kando ya watu wake wa Igombe. Wanafunzi walicheka pale pa kitambi na kuandika pale pa mchanga. Mama Maabara alikaa kiti cha nyuma kabisa, kati ya mabinti wawili, ana daftari jipya kama wao.

Akanyoosha mkono.

Baba Zuhura akamwona, akasafisha koo. "Ndiyo, mwanafunzi."

"Mtumbwi umeshafika nchi kavu," akasema Mama Maabara. "Hao watu wataachaje kuvuta?"

Baba Zuhura akatazama kioo, akatazama dari, halafu akanigeukia mimi. "Hapo mwenye diploma anisaidie."

Nikaweka chaki chini. "Mwenye mtumbwi anasukumwa nje kabisa ya ufukwe, au anarudishwa kwenye vifuko vya akiba. Kuna pampu kwa kazi hiyo. Akishaondoka, mwenye mchanga analala, hatii mchanga mwingine. Lakini ule ulioko viganjani bado upo. Kwa hiyo kuna mtu mwingine, kimeng'enya kingine, ambaye kazi yake ni kupita na maji, akiwanawisha mmoja mmoja. Mikono ikitakata, kamba inateleza, na msuli unalegea."

Mama Maabara aliandika hadi mwisho. Kisha akainuka, akapita kati ya viti, akaingiza mkono kwenye mfuko wenye kiraka na kuniwekea kiganjani pipi ya tangawizi. Baba Zuhura akapewa mbili. Nikamwambia hiyo si haki, mimi ndiye mwenye jengo. Akasema utumbo bado haujachoka, turudi kazini.